Da' Mkubwa na Mashine Zilizokuja Kumpumzisha

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, huyu mliyemzoea akiwachekesha kwenye harusi, leo nimepewa karatasi hii niisome kwa utulivu, na utulivu sinao, mtanivumilia.

Dada yetu, tuliyemwita Da' Mkubwa, alizaliwa tarehe 3 Februari 1961, wa kwanza kati ya wanne, akasoma hadi sekondari, kisha chuo cha uchapaji, ambako vidole vyake vilikimbia mpaka mwalimu akamwomba aionee huruma mashine.

Tarehe 1 Julai 1981 aliajiriwa ofisi ya maji, enzi hizo kompyuta moja inajaza chumba kizima, kazi yake ikawa kutoboa kadi za wateja, matundu ndiyo maandishi ambayo kompyuta iliyasoma, mashine imefungiwa viyoyozi viwili, binadamu wanajipepea kwa kadi zilizokosewa. Viyoyozi hivyo ndivyo vilivyomleta fundi, naye fundi akawa anavikuta vibovu kila wiki hata vikiwa vizima, wakafunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa binti na mvulana.

Kadi zikaondoka, zikaja tepu za kumbukumbu, kubwa kama sahani, mkuu wa idara akamwambia, "Dada, sasa utapumzika." Tepu zikamletea zamu ya usiku. Mwaka 1992 zikaja kompyuta za mezani, kioo cheusi, maandishi ya kijani, disketi zinazoharibika ukizitazama vibaya, akaambiwa tena atapumzika, akabebeshwa kazi ya wenzake watatu waliopunguzwa, na binti yake alipoambiwa shuleni amchore mama, alichora kisogo. Ukaja mtandao, ikaja kompyuta ya mpakato ikalala katikati ya mke na mume, shemeji yangu yule pale ni shahidi, ikaja simu ya kiganjani ikamfuata hadi msalani. Wakuu wa idara walibadilika, sentensi ile wakarithishana pamoja na kiti.

Na dada yangu alitaka kitu kimoja tu, alale mchana, dirisha wazi, asiamshwe na mtu. Alistaafu Februari 2021 kwa keki na makofi, Jumatatu wakampigia, eti msaada kidogo tu, kidogo hicho kikala miaka mitatu.

Tarehe 9 Mei 2024 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, wa kushoto ukaendelea kujibu ujumbe wa ofisi kitandani, akafariki Jumamosi tarehe 18 Mei, na simu yake ikaita tukiwa bado hatujamfumba macho.

Tunawashukuru madaktari, tunamshukuru zaidi muuguzi aliyeificha simu ile kwenye droo, akampa dada yetu mchana mmoja wa kulala, majirani kwa viti na maji, na wafanyakazi wenzake waliokuja kulia, si kuulizia kazi. Mkuu wa idara, wewe wa mstari wa pili, pale mlangoni umeninong'oneza nikutafutie nywila yake, kwamba mfumo umegoma kufunguka. Nakujibu mbele ya watu, kaondoka nayo.

Da' Mkubwa, simu yako hii hapa mkononi mwangu, naizima, wote wanaona. Dirisha liko wazi. Lala, dada, hakuna atakayekuamsha, pumzika kwa amani.