Mlango wa Nyuma Kiooni

Mshonaji hakupanda basi ili asikilize ya watu, ila macho hayana pazia na masikio hayana kizibo. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja mtu mzima alikuwa akimweleza fundi magari, aliyekutana naye humo humo, kwamba juzi nusura amgonge mwendesha pikipiki, na tangu hapo binti yake kamfichia funguo za gari.

"Vioo vya pembeni umevitegaje, mama?" fundi akauliza.

"Nauona mlango wangu wa nyuma wote."

"Ndipo penye kosa. Vigeuze nje mpaka ubavu wa gari upotee, hapo utamwona anayekuja kando yako."

Mama akatikisa kichwa. Alisema wanawe walikuwa wakichungulia nje kwenye dirisha la mlango ule, wakigombania upepo, naye akiwatazama kiooni njia nzima hadi shuleni. Sasa kila mmoja ana kwake. "Mazoea yana taabu, mwanangu."

"Basi bandika kile kioo kidogo cha duara, kwenye kona ya kikubwa, kikuonyeshe wa kando."

"Vile vinafanya kila kitu kiwe kidogo."

Mshonaji, ambaye kitinda mimba wake ndiyo kwanza kaondoka nyumbani, aliacha kujifanya anatazama nje.

Basi likapunguza mwendo. Mama akasimama, akashikilia kiti. "Hicho kidogo," akauliza, "nikikielekeza ndani, mlango nitauona?"

"Utauona, mama, ila mdogo."

"Hata wao walikuwa wadogo," akasema, akashuka.