Sikandi

Kwenye gari la kwenda Mwakitolyo, Aneth, anayenunua dhahabu kule machimboni, alikaa mbele yangu na midomo iliyovimba. Jana yake nesi alikuwa amemchoma sindano za kuijaza. Jirani yake, mama mmoja wa kijiji cha Samuye aliyepakata kuku, alimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia. "Mwanangu, uvimbe unakandwa kwa maji ya moto."

"Nesi amekataza, mama. Nisikande wala nisibonyeze wiki mbili. Hata kupuliza chai amekataza. Midomo ikigeuka myeupe au ikiuma sana, nirudi haraka."

"Mimi nimekanda watoto tisa."

"Wao uvimbe uliwakuta. Huu wangu nimeulipia. Sikandi."

 

Tuliposhuka sote machimboni, mchimbaji mmoja alimletea Aneth dhahabu ya kuuza kwenye karatasi. Kabla ya kuipima, mnunuzi huipuliza mchanga utoke. Aneth akaisogeza karatasi mdomoni, akasita, kisha akamgeukia yule mama. "Naomba unipulizie, mama. Taratibu."

Mama akanikabidhi kuku. "Nikipuliza, utakanda?"

"Sikandi," akasema Aneth, karatasi ameishika kwa mikono miwili, akingoja.