Toba Niliyoiiba

Elodie, niinue kidogo kwenye mto, na wewe Jean-Marie acha kuchungulia dirishani, uje ukae hapa nikuone uso. Nina maneno ya kuwaachia, wanangu, na pumzi ya kuyasema ni chache, kwa hiyo msinikatize hata mkikasirika, maana mtakasirika.

Nyumba hii ni yenu wawili sawasawa, karatasi zake zimekwisha kutiwa sahihi, na vitabu vyangu vya kufundishia vipelekeni shuleni Bagira. Hayo ni mepesi. Kilicho kizito ni kile kitabu changu cha toba, kile kinachosomwa katika parokia zote za Bukavu, kile kilichonifanya niitwe radioni na watu waniinamie barabarani wakiniita muzee wa Mungu. Sikukiandika mimi. Kiliandikwa na Nathanaël, mwalimu mwenzangu wa Bagira, na toba iliyomo ni yake, na magoti yaliyopigwa mle ni yake.

Mwaka wa vita ile ya kwanza, asubuhi mji ulipokuwa unakimbia, alikuja hapa na kaye moja, daftari la shule lililofungwa kwa plastiki. Akaniambia, "Zagabe, unichungie hii. Nikirudi, utanirudishia. Nisiporudi, uipeleke kwa mama yangu." Akashuka na umati kwa njia ya Kamanyola. Baadaye watu waliotoka Sange walituambia kwamba kipindupindu kilimchukua kule bondeni. Mama yake aliishi miaka sita baada ya hapo, na sikumpelekea.

Niliisoma, wanangu. Mimi niliyefundisha miaka thelathini maandishi ya watu wa kale walioungama mbele ya Mungu na mbele ya wasomaji wao, sikuwahi kusoma maneno yaliyonichoma kama yale. Nathanaël alipokuwa kijana alimshuhudia uongo mtu mmoja wa Lwiro, akasema ndiye aliyemlisha sumu jirani yake, na wanakijiji wakampiga yule mtu hadi akafa. Miaka kumi na miwili baadaye alikwenda kwa mjane, akapiga magoti uani, akasema, "Ni mimi." Mjane alimwacha pale kwenye mvua kutwa nzima, kisha jioni akamletea maji ya kunywa.

Nikabadili majina. Nikajiweka mimi mahali pake. Na kuna kurasa tisa nilizozitoa, na kurasa hizo ndizo zinazonizuia kufa kwa amani. Katika kurasa hizo Nathanaël anaeleza kwamba hakwenda Lwiro peke yake. Katekista mzee alimtangulia mara nne, akazungumza na mjane, akazungumza na shemeji zake, akangoja miezi mitatu hasira ipungue, na siku yenyewe akasimama kati yake na wale shemeji waliokuwa na panga. Niliona kurasa hizo zinampunguzia yule mtu ushujaa. Niliona inapendeza zaidi aende peke yake na Mungu wake. Nikazikata.

Aganze mnamkumbuka, yule fundi wa kuchomelea vyuma wa Kadutu. Mnajua alikufa Sange. Hamjui kwamba alipita kwanza hapa. Alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia, Jean-Marie. Alikuwa amepigana msituni, na huko Sange yeye na wenzake walichoma nyumba yenye watu. Kitabu kilikuwa mfukoni mwake, kimekunjika. Akaniuliza, "Papa, ile siku ulimupigia ule maman magoti, uliogopa?"

Nikamjibu, "Niliogopa, lakini nilikwenda."

"Peke yako?"

Nikasema, "Peke yangu."

Alishuka Sange Jumanne, kwenda kuungama. Ndugu za waliochomwa walimpokea, wakamfungia mlango, na hakutoka humo akiwa hai. Mama yake, Maman Bintu, alikuja hapa baada ya matanga, nikidhani amekuja kunilaani, kumbe alikuja kutafuta faraja. "Papa, mutoto wangu alikufa na kitabu yako mu mufuko," akasema. "Uniambie tu kitu moya. Weye, Mungu alikusamehe kweli?" Nikamwambia ndiyo. Nilimtazama machoni, wanangu, nikamwambia ndiyo, naye akanibusu mkono.

Najua unachotaka kusema, Jean-Marie, ulikwisha kukisema jana nilipokudokezea. "Papa, ukisema ile, bandugu ya Aganze batakuya hapa kwetu. Batatumaliza." Huenda wakaja. Sikufichi. Nawaachia nyumba pamoja na hatari iliyomo ndani yake, na sina namna ya kuzitenganisha. Lakini toleo jipya ulilolichapisha lisitolewe Jumapili, hata kama maboksi yamekwisha kufika parokiani. Kaye iko chini ya godoro hili, na kurasa zile tisa zimo. Elodie, mpelekee Maman Bintu, umsomee, umwambie ni nani aliyezikata. Asipokupa kiti, soma umesimama. Kisha zichapisheni zote kwa jina la Nathanaël.

Na kuna mwingine. Kasongo, dereva wa Panzi, amenipigia simu mara mbili wiki hii. Naye ana watu wake Kamanyola aliowakosea vibaya, naye amekisoma kitabu, naye anasema atashuka Jumatatu baada ya kukisikiliza kikisomwa kanisani. Nilitaka mumwite hapa kesho nimweleze kwa mdomo wangu...

Maji. Asante, Elodie mama.

Simu yangu hiyo inalia, nani? Pokea. Mke wa Kasongo? Anasema nini? Sema, Elodie, sitakufa kwa kusikia.

Leo. Kasongo ameshuka kwa lori alfajiri ya leo. Hakungoja Jumapili.

Basi nimewapotezea muda kwa hadithi. Jean-Marie, chukua gari. Barabara ya Ngomo ya kushukia Kamanyola ni mbovu, malori yanakwama, naye yumo katika mojawapo, mtamkuta. Elodie, nenda na kaka yako, wewe wanakusikiliza. Mkimpata kabla, mrudisheni, mwambieni niliongopa. Mkimkuta amekwisha kufika, ingieni naye. Msimwache aingie uani kwa watu peke yake. Simameni upande huu na huu, mseme ninyi ni watoto wa Zagabe na kosa la kumtuma ni la baba yenu.

Usilie. Jirani atakuja kukaa nami, na asipokuja, basi. Msingoje kunifumba macho.

Sogezeni vichwa, mkono hauinuki tena... hivyo. Mungu awatangulie njiani. Awape vinywa visivyo kama changu. Awarudishe wote watatu.

Nendeni. Jean-Marie, nendeni sasa.