Profesa Wagih Armanios na Turufu ya Ghorofa ya Chini

Marehemu Profesa Wagih Habib Armanios alizaliwa Mallawi tarehe 14 Februari 1948, mtoto wa tatu wa mfamasia Habib na Bi Matilda. Alisoma hapohapo, kisha Chuo Kikuu cha Aleksandria. Mwaka 1979 alipata shahada ya udaktari Geneva, mji aliousifu kwa jibini na kuulaumu kwa mengine yote.

Kwa miaka thelathini na moja alifundisha uhusiano wa kimataifa. Hoja yake ilikuwa moja: taifa dogo likinyimwa kura ya turufu, huo si utawala wa dunia, ni ubabe uliovaa tai. Wanafunzi waliosinzia aliwaamsha kwa heshima. Walioacha chuo aliendelea kuwaalika chakula cha mchana.

Mwaka 1982 alimwoa Evon Labib, wakahamia ghorofa ya tano, mtaa wa Ibrahimia, Aleksandria. Wenye fleti walipounda kamati, kanuni aliiandika yeye: kila fleti, turufu moja. Walimpigia makofi.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kusumbua, na lifti ikafa mwezi huohuo. Wote walitaka itengenezwe, isipokuwa Bi Tahani, mjane wa ghorofa ya chini, aliyepiga turufu yake.

"Lifti inipeleke wapi mimi, Profesa? Jikoni kwangu?"

Bi Evon alimsihi mumewe afute kanuni, maana daktari alishasema ngazi zitamuua.

"Mama Marina," akajibu, "nikiifuta leo kwa kuwa inaniumiza mimi, basi nilidanganya watu miaka yote ile."

Akapanda. Kila adhuhuri, kabla ya kupanda, alipumzika mlangoni kwa Bi Tahani, wakanywa kahawa na kubishana juu ya kila kitu chini ya jua. Lifti hakuitaja kamwe. Januari moja sisi majirani tukakuta kila ghorofa kiti kimoja cha meza ya chakula ya Bi Tahani. Baada ya Pasaka akasimama kikaoni.

"Naiondoa turufu yangu. Nimechoka kula nimesimama. Nirudishieni viti vyangu."

Marehemu aliipanda lifti hiyo kwa furaha ya mtoto, hadi moyo wake uliposimama usingizini, tarehe 9 Oktoba 2023.

Jeneza halikuenea kwenye lifti. Wabebaji walipoanza kushuka ngazi asubuhi ya leo, kila ghorofa walikuta viti viwili vimetazamana, pa kulipumzisha.

Ameacha mjane, Bi Evon, binti, Marina, wajukuu wawili, na jirani mmoja aliyeomba atajwe hapa. Ombi lake lilipigiwa kura. Hakuna fleti iliyopinga.

Apumzike kwa amani, mahali pasipo ngazi.