Mstari Uliokataa Kutulia

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na mguu mmoja mfupi, umewekewa kipande cha tairi lisiyumbe. Jioni ile liliyumba vivyo hivyo, maana Mtulivu alikuwa amekaa. Jina hilo wenzake walimbandika kwa kejeli: goti lake halikujua kupumzika. Alikuwa fundi wa maabara ya leza, na kesho asubuhi mkuu wake angekuja kutazama mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta. Ukisimama mwembamba kama sindano, kazi inaendelea. Ukibaki umetawanyika kama ufagio, meza yake ya majaribio inavunjwa na yeye anarudishwa kutengeneza feni.

— Tueleze tena, alisema Wembe, kinyozi, akipangusa mashine yake. Taratibu, kama unamweleza mama mkwe.

— Nina miale miwili ya leza. Rangi zake nusura zifanane. Nikiikutanisha, ile tofauti ndogo inazaa wimbi la redio la kasi ajabu. Mwale mmoja ukitetemeka kidogo tu, wimbi lote linachafuka na mstari unatawanyika. Sisi tunaita kelele, ingawa haisikiki.

— Ni malori hayo ya barabarani! alisema Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamgomea. Likipita moja, meno yanacheza mdomoni.

— Meza yangu inaelea juu ya hewa, kaka. Lori haliigusi.

— Basi umeme, alisema Wembe. Jirani akichomelea geti, mashine yangu hii inamng'ata mteja.

— Natumia betri.

— Haya, miale yenyewe inagombana, alisema Breki. Inafanana, umeifungia chumba kimoja, halafu unataka amani? Mimi na pacha wangu ilibidi tutenganishwe madarasa.

— Mwezi! alidakia Wembe. Unaovuta bahari nzima utashindwa na kauzi kako ka mwanga?

— Mwezi nini, Wembe? alisema Breki. Dunia yenyewe inazunguka. Mkuu wake aisimamishe kwanza, ndipo aje kukagua!

Wakacheka. Mtulivu hakucheka.

— Chekeni tu. Mimi nakula pale mezani, nasinzia pale pale. Naukodolea macho mstari ule, nainama karibu, nabana pumzi...

— Goti, bwana! alifoka muuza kahawa aliyekuwa akimjazia kikombe. Unanimwagia.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi dada mmoja, kiatu mguu mmoja, akisubiri kingine kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara. Hawakuwahi kumwona.

— Samahani, kaka zangu. Wewe ukitoka chumbani, huo mstari unatulia?

Wembe aliikagua mashine kana kwamba jibu limenasa menoni mwake.

— Nikitoka, nazima, alisema Mtulivu polepole.

— Kwa hiyo hujui.

— Sijui.

Aliliwekea goti kiganja. Ndani ya kikombe kilichokuwa kando yake benchini, viduara vya kahawa vilipungua, vikaisha, na taa ya kibanda ikajiona humo, nzima. Aliitazama, kisha akainuka ghafla.

— Naenda kuiwasha leza. Kompyuta ibaki ikirekodi mstari yenyewe, mimi nisiwepo.

— Nawe utakesha wapi? aliuliza Breki.

— Nitarudi hapa.

Muuza kahawa aliinamisha birika. Halikutoa hata tone.

— Urudi na goti hilo? Afadhali kahawa imekwisha.