Haldis Breivoll, Aliyeotesha Brokoli Steigen

Marehemu Haldis Breivoll, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 11 Februari 1946 hapa Steigen, kaskazini mwa Norwe, mtoto wa kwanza wa marehemu Oddvar na marehemu Borghild. Mimi Eilif, mdogo wake, nilifuata miaka sita baadaye, na kwa maneno yake mwenyewe nilikuja kumwongezea kazi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha mwaka 1963 akaenda Bodø kusomea kilimo cha bustani. Alirudi na cheti na ubishi. Cheti kilipotea.

Tarehe 21 Juni 1969 alifunga ndoa na Ingvald, akahamia kwa baba mkwe wake, Mzee Peder, mfuga kondoo. Miaka kumi baadaye aliomba kipande cha malisho apande brokoli. Mzee Peder hakuwahi kula brokoli wala hakukusudia kuanza.

"Mkwe wangu, huku kinachoota ni nyasi na viazi. Nakupa viangazi vitatu. Ukishindwa, kondoo wanarudi, na nisisikie tena habari za hilo jani."

Kiangazi cha kwanza alipanda mapema, kabla ya sikukuu ya taifa ya tarehe 17 Mei, ili majirani waione miche wakipita na bendera zao. Waliiona, kweli. Baridi iliipiga siku kumi mfululizo, na vichwa vikatoka vidogo kama vifungo vya koti. Jirani yetu Torbjørg akamuuliza dukani mbele za watu, "Haldis, ulilima au ulishona?" Kiangazi cha pili funza wa nzi wa kabichi wakamaliza mizizi yote. Dada yangu alilia zizini. Nilimwona, na asinibishie mtu.

Mwaka 1981 alisia mbegu katikati ya Aprili, kwenye trei za dirishani. Miche ilipofikisha wiki tano akawa anaitoa nje mchana na kuirudisha ndani jioni, izoee baridi. Ikawa tayari, na bado hakupanda. Kila asubuhi alikwenda kushika majani ya betula, ule mti mweupe wa mlangoni, mpaka yalipofika ukubwa wa masikio ya panya. Ndivyo mama yetu alivyojua ardhi imepata joto, na chuo hakikumfundisha hilo. Tarehe 4 Juni akapanda, nusu mita kati ya mche na mche, juu ya chokaa na mwani uliooza. Kisha akashusha mapazia mepesi ya sebuleni akafunika matuta, nzi wasitage.

"Sasa watu wanatuona tukila," Mzee Peder akalalamika.

"Wacha watuone, baba. Nzi wasiione miche."

Ubaridi wetu huu tunaoulaani ndio ulioizuia brokoli kukimbilia maua. Mwezi Agosti vichwa vilizidi sahani kwa upana. Mzee Peder alikula mara tatu, na siagi, akafuta mdomo, akauliza, "Na lile shamba la juu litataka mapazia mangapi?"

Kufikia mwaka 1990 nyumba kumi na moja zililima brokoli hapa, ya Torbjørg ikiwemo. Miche ya kwanza alipewa na dada yangu, pamoja na maneno machache.

Tangu 2021 moyo ulimsumbua. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 19 Agosti 2023, mavuno yakiwa yameiva. Siku mbili kabla aliniagiza: "Eilif, kichwa kikikaza kinakatwa. Kikichanua kimeharibika, hakingoji msiba. Kateni kwanza, ndipo mnizike."

Marehemu, aliyetanguliwa na Ingvald, ameacha watoto wawili, Asle na Ragnhild, wajukuu wanne, na mimi. Jumatano na Alhamisi nyumba zote kumi na moja zilikuja na visu. Torbjørg alikata akiwa amekaa kitini. Jana saa kumi na moja jioni tulimaliza.

Alale salama dada yetu. Hakuna hata kichwa kimoja kilichochanua.