Mpita Njia Mwenye Akili Timamu

Benchi la Shangazi muuza kahawa limeegemea ukuta wa kinyozi, na ukikaa pale, utake usitake, macho yatagonga mlango wa ukumbi wa baraza la mji ng'ambo ya barabara. Wakaaji wake ni walewale. Yupo Mkasi, kinyozi mwenyewe, anayeweza kumwacha mteja na nusu ya ndevu akatoka nje kumalizia ubishi. Yupo Wakili Bila Koti, aliyefungua milango ya mahakama miaka kumi na miwili, akatoka na sheria yote kichwani isipokuwa ile iliyosomwa mlango ukiwa umefungwa. Asubuhi hiyo, saa tatu na nusu, Mzee Funguo, msimamizi wa ukumbi, alivuka barabara mbio, barua mkononi, funguo zikimlialia kiunoni. Miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kuivuka mbio, hata siku ukumbi ulipoingia maji.

— Shangazi, nitilie kikombe kikubwa. Mwanasheria wa baraza anakuja saa nne kukagua kile kibao, na mimi nimebakiza miezi mitano nistaafu!

Wote wakainua macho. Juu ya mlango wa ukumbi kilining'inia kibao cheusi, zawadi ya watu wa ibada wa zamani za kale. Sasa kuna raia amekwenda kushtaki kwamba serikali na dini kila mmoja alale chumba chake.

— Isome barua, akaamuru Wakili Bila Koti, akivaa miwani yenye mkono mmoja.

Mzee Funguo akasoma. Mosi, lengo la kibao lisiwe kueneza dini. Pili, serikali isijichanganye na dini kupita kiasi. Tatu, kitazamwe kwa macho ya mpita njia mwenye akili timamu: akidhani serikali inapendelea dini, kishushwe. Hata hivyo, kikiwa ni mapokeo ya siku nyingi, kisiguswe. Msimamizi wa ukumbi atawajibika kwa kosa lolote litakalotokea.

— Kwa hiyo kishushwe bila kuguswa, akasema Mkasi.

— Ndipo nilipokwama, ndugu yangu. Nikikishusha nimevunja mapokeo, nikikiacha nimevunja sheria. Na mke wangu ameshanunua mabati ya banda la kuku!

— Kigezo cha pili umeshafeli, akasema Wakili. Kibao unakifuta na nini?

— Mafuta ya mbao. Kila Jumatatu.

— Mafuta ya nani?

— Ya baraza.

— Haya! Mafuta ya serikali, kibao cha dini. Umeyachanganya mwenyewe, tena kwa kitambaa.

— Sasa nikiache na vumbi?

— Vumbi halina dini, akasema Shangazi, akimimina.

Mzee Funguo akaipiga barua kwa kidole.

— Mimi shida yangu ni huyu mpita njia. Saa nne awe mlangoni pale. Nitamtoa wapi?

Hakuna aliyeshangaa. Barua ya serikali ikimtaja mtu, mtu huyo yupo.

— Si mimi hapa? akasema Mkasi, akijikung'uta nywele za watu.

— Wewe hupiti, wewe unakaa, akajibu Mzee Funguo. Halafu juzi umemnyoa mtu nyusi.

— Aliinua kichwa!

— Mwenye akili timamu angesubiri akishushe.

Wakili akakohoa kile kikohozi cha mahakamani.

— Nyie hamjui kitu. Mpita njia yule ni mwajiriwa, yuko makao makuu. Nimemfungulia mlango kwa mikono hii. Mrefu, suti ya kijivu, hana maoni.

— Hana hata moja?

— Ndiyo kazi yake. Anapitishwa mbele ya kitu, anaulizwa, umedhani nini? Akijibu, jaji anaandika, watu wanakwenda kula.

— Mbona basi mahakama hii inasema vibao vishushwe, ile inasema vibaki? akauliza Mzee Funguo.

— Kwa sababu wako wawili. Huyu wa kwanza alikwenda likizo, wakaajiri mwingine. Aliporudi wakaona haya kumfukuza mgeni. Mmoja anapita akitokea juu, mwingine akitokea chini. Salamu hawapeani.

— Mimi nilisikia wako tisa, akasema Mkasi, kila jaji na wake. Na mmoja haoni.

— Huyo ndiye wa mapokeo, akajibu Wakili bila kumeza mate. Anaambiwa kitu hiki kipo tangu enzi za babu yako, anasema basi sawa, anarudishwa kwenye gari.

Mzee Funguo hakuwa na hamu ya kucheka. Aliyaona mabati yakirudishwa dukani, na mkewe akiyabeba kichwani bila kumsemesha. Saa nne kasoro dakika kumi. Hapo akapita mama mmoja mwenye bahasha ya kaki, akauliza ofisi ya vyeti vya kuzaliwa iko wapi. Mzee Funguo nusura amkumbatie.

— Mama, samahani sana. Wewe unapita?

— Napita, baba.

— Anapita! Jamani, huyu anapita!

— Na akili yako ni timamu? akauliza Mkasi.

Yule mama akachungulia kinyozini, akamwona mteja mwenye nusu ya ndevu.

— Kukushinda wewe, naona.

Shangazi akamwekea kahawa. Wakili akamwelekeza ng'ambo.

— Tazama juu ya mlango ule, usisaidiwe na mtu. Unadhani serikali inapendelea dini?

Mama akakinga jua kwa bahasha, akatazama weee.

— Kile cheusi? Nilidhani wameziba tundu. Kwani kimeandikwa nini?

Wakili akavua miwani, akaanza kuifuta.

— Maneno ya dini, akasema Mzee Funguo.

— Yapi?

— Ya… kidini.

— Ya dini gani?

— Mpita njia haruhusiwi kuuliza! akafoka Wakili.

Mama akamaliza kahawa yake, akashukuru, akaenda kutafuta cheti.

Walivuka barabara wote wanne, hata Shangazi aliacha birika motoni. Wakajipanga chini ya kibao. Herufi zilikuwa za kujipindapinda, na mafuta ya miaka kumi na tisa yalikuwa yamezijaza. Mkasi aliona M. Wakili akaapa kwamba ile ni picha ya ua. Kofia zilikuwa zinawazuia kuona juu, wakazivua, na Shangazi akashusha kanga yake mabegani. Mzee Funguo akafumbata mikono kifuani, akainua uso, akaanza kutaja herufi mojamoja kwa sauti ya chini, na wenzake wakamfuatisha.

Gari likasimama. Mwanasheria wa baraza akashuka, akawakuta raia wanne wamesimama safu moja chini ya kibao, vichwa wazi, nyuso juu, midomo ikinong'ona kwa pamoja. Naye akavua kofia. Akasubiri kwa adabu wamalize sala, kisha akafungua daftari lake, akaandika.